Mbwa wa Kambi ya Karanga

Mwislamu anayekwenda kuomba mbwa haendi mchana. Mwanawetu alilijua hilo, ndiyo maana alishinda gulioni Nachingwea kutwa nzima, mtoto mgongoni, akingoja jua lishuke. Kambi ya karanga ilikuwa ng'ambo ya barabara, na humo ndimo mumewe Saadi alimoendesha trekta. Wenzake wangemwona wangemwambia. Na Saadi akiambiwa...

Hakutaka kufikiria Saadi akiambiwa.

Giza lilipoanza kuingia alijitanda kanga mpaka usoni, akafuata ukuta wa karakana hadi kwenye seng'enge. Mbwa walimsikia kabla hajafika. Walikuwa kumi na kitu, wote mbwa wa Wazungu, wengine warefu mpaka kiunoni, wengine wamefunikwa macho na manyoya yao wenyewe. Kambi ilikuwa inafungwa kidogo kidogo mwaka ule. Karanga zilikataa kuota walivyotaka wao, Wazungu wakawa wanarudi kwao kila wiki, na mbwa hakukatiwa tiketi ya meli. Mke wa mhasibu mmoja aliwaonea huruma, akawakusanya nyuma ya karakana na kumweka mtu wa kuwalisha. Kisha naye akaondoka.

Mtu huyo aliitwa Kipriani, Mmakua wa upande wa Masasi, msalaba wa shaba shingoni na ndoo ya ugali mkononi. Alimtazama yule mama alivyojitanda, akatikisa kichwa.

"Mama, umepotea njia. Huku ni kwa mbwa."

"Sijapotea, kaka. Nataka mmoja."

"Bibi aliacha amri," Kipriani alisema kwa uso mkavu, kama karani wa bomani. "Kila anayekuja nimuulize: utamlisha nini, atalala wapi, na utampiga au hutampiga. Watu watatu wamekuja, nimewauliza, wamecheka wakaenda zao. Jumamosi anakuja askari na bunduki. Kwa hiyo mimi leo sicheki. Utamlisha nini?"

"Tunachokula sisi."

"Atalala wapi?"

"Kaka, nimezika watoto wawili," Mwanawetu alisema. "Huyu mgongoni ndiye wa mwisho. Nipe mbwa."

Kipriani hakuuliza swali la tatu. Aliweka ndoo chini akafungua mlango wa waya.

Akatoka mmoja. Hakutolewa, alijitoa mwenyewe, akipita katikati ya miguu ya wakubwa wake. Alikuwa mdogo, mweupe, manyoya magumu ya kusimama, sikio moja la kahawia. Alizunguka ndoo mara mbili, akanusa kiatu cha Kipriani, akachungulia chini ya mkokoteni, akarudi, akaruka juu ya pipa na kushuka tena. Macho yalichoka kumfuata.

"Huyo tunamwita Meneja," Kipriani alisema. "Hatulii, kila kitu lazima akague."

Mwanawetu alimteremsha mtoto ili ajifunge kanga vizuri. Sabaha alikuwa na miaka sita, lakini mikono yake ilikuwa ya mtoto wa miaka minne. Alisimama akiyumba. Meneja alimwona... akaacha kila kitu. Alikuja polepole, tumbo chini, akazinusa nyayo za mtoto. Manyoya ya mgongo yakamsimama. Akanguruma kidogo kooni, kisha akaanza kuzilamba zile nyayo, moja baada ya nyingine, kwa bidii, kama mtu aliyepewa kazi.

Sabaha akacheka.

Ilikuwa miezi miwili Mwanawetu hajasikia kicheko hicho. Machozi yalimtoka pale pale, mbele ya mtu baki, na hakuyafuta.

"Ajabu," Kipriani alisema kwa sauti ya chini. "Huyo hajapata kumlamba mtu."

* * *

Alfajiri walipanda lori la mbao mpaka Ruangwa, na kutoka Ruangwa wakatembea hadi kwao Chunyu, mbwa akichungulia kutoka kwenye tenga kichwani mwa Mwanawetu. Kabla ya kupanda lori alikuwa ameshamwosha mtoto miguu pale bombani. Alimwosha kama alivyofundishwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani: mate ya mbwa ni najisi, huoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Mwanawetu alikuwa amekata tamaa, lakini swala yake alikuwa bado nayo.

Njia nzima aliwaza wanawe. Kwanza alikwenda Mikidadi, kisha Mohamedi, wote kwa namna moja. Mtoto ni mzima, anacheza. Ikifika magharibi anatulia ghafla, anatega sikio. Halafu inakuja harufu... udongo mbichi, na grisi ya trekta. Mtoto anasema, "Baba amekuja." Anainuka, anakwenda mlangoni. Mlangoni hapana mtu. Saadi yuko Nachingwea, kwenye trekta lake. Asubuhi nyayo za mtoto zina udongo mwekundu, umelowa, na kiangazi kimeikausha Chunyu yote. Anakataa chakula. Anakonda. Mwezi wa tatu hauandami mmeshachimba kaburi.

Mara zote mbili Saadi alikuja kuzika, akalia kuliko mtu yeyote, akarudi kazini. Kambini watu walipunguzwa kila mwezi, mafundi wenye vyeti wakarudi makwao na mabegi yao, ila Saadi hakuguswa. Watu walisema ana bahati ya kazi. Bahati ya watoto ndiyo hana, masikini.

Ilipofika zamu ya Sabaha, Mwanawetu hakubakisha mlango. Alimnywesha kombe la mwalimu, maji ya aya zilizoandikwa sahanini. Alimfunga hirizi. Alikwenda kwa mganga Ruangwa, akarudi na unga wa mizizi na deni la mbuzi. Ni jirani yake, Mwamina, aliyemnong'oneza kwamba mbwa huona tusichokiona sisi. Mwanawetu alimwambia mumewe, na Saadi akabadilika uso. Mbwa hakanyagi kwangu, alisema. Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Alisema hivyo, naye hakuwahi kuwa mtu wa dini kiasi hicho. Mwaka mzima kambini hata Ijumaa zilikuwa zinampita.

* * *

Siku ya kwanza tu, Meneja alikagua mji mzima. Alifukuza kuku wa Mwamina mpaka juu ya paa. Aliiba kandambili ya ngozi akaificha kwenye mbaazi. Alipewa gunia alalie barazani, akalirarua. Mwanawetu alimgombeza kutwa, na Sabaha akacheka kutwa, na huko kugombeza na kucheka kukawa kama sauti za nyumba ya watu wenye afya.

Magharibi ikaingia.

Meneja akasimama katikati ya uwanja. Kimya. Sikio la kahawia mbele.

Harufu ikaja...

"Baba—" Sabaha alianza.

Mbwa alitoka kama jiwe la kombeo. Alibweka kwa sauti kubwa kuliko mwili wake, akakimbilia pembe ya nyumba, pale mchirizi wa maji ya paa unapoangukia wakati wa masika, akabweka huko, akarudi nyuma, akabweka tena. Mwanawetu alimkumbatia mtoto ndani, mgongo wake mlangoni. Alisikia miguu. Mizito, ya mtu aliyevaa buti. Ilisogea hatua mbili... ikasita... ikarudi ilikotoka.

Harufu ikapotea.

Asubuhi nyayo za Sabaha zilikuwa na udongo kidogo tu kwenye vidole. Meneja alizilamba zikawa safi. Mwanawetu alimwacha amalize, kisha akamwosha mwanawe mara saba, na udongo aliutoa kisimani, kwenye kichuguu. Ikawa hivyo kila asubuhi. Siku ya tatu mtoto aliomba uji. Siku ya sita aliomba wa pili. Siku ya tisa alikimbizana na mbwa mpaka kwenye ufuta, na Mwamina akasimama kwenye ua wake, mkono mdomoni, akitazama.

"Dada, huyu mwana anarudi," alisema.

"Usiseme," Mwanawetu alimjibu. "Usiseme kwa sauti."

Lakini Meneja naye alikuwa na tabia moja iliyomchosha. Alichimba. Pale pale kwenye pembe ya nyumba, kila siku, miguu ya mbele ikirusha udongo nyuma mpaka barazani. Mwanawetu alifukia. Meneja alichimba. Alimpiga kwa fagio, akalia kidogo, akarudi shimoni. Kufikia siku ya kumi shimo lilikuwa la kina cha mkono mzima, na udongo wake ulikuwa mwekundu, laini, hauna hata jiwe.

Asubuhi ile Mwanawetu alikuwa amechoka. Kisimani ni mbali, na udongo safi upo hapa mlangoni, umetoka chini ambako hapajakanyagwa na mtu wala mnyama. Alichota viganja viwili. Akampaka mwanawe nyayo, vizuri, mpaka katikati ya vidole. Akasuuza mara sita.

Kabla ya jua kutua Sabaha alikuwa amelala chini, macho wazi, haoni.

Mwanawetu alimlilia, akamtikisa, akamwita kwa jina lake na la bibi yake. Mbwa alikuwa akibweka nje kama kawaida, na sasa kule kubweka kukamchoma. Alitafuta wa kumlaumu, kama afanyavyo kila mtu mwenye uchungu, na aliye karibu alikuwa mbwa. Nimeingiza najisi nyumbani, alijiambia. Nimewafukuza malaika kwa mikono yangu. Saadi alinikataza.

Kulipokucha alimfunga Meneja kamba, akampeleka shambani, akamfunga kwenye nguzo ya dungu wanapolindia nguruwe. Mbwa alimtazama akiondoka. Hakubweka.

* * *

Jioni ile harufu haikungoja magharibi.

Mwanawetu alikuwa kajifungia na mtoto, komeo limepigwa, kinu kimesukumwa mlangoni. Kitandani Sabaha alikuwa baridi, miguu mpaka magotini imepauka. Ghafla akaketi.

"Sabaha..."

Sauti ilitoka nje. Ilikuwa sauti ya Saadi. Mara zote mbili zilizopita Mwanawetu hakuisikia, waliisikia watoto peke yao. Sasa ilikuwa imefika karibu kiasi cha yeye kuisikia.

"Sabaha, mwanangu. Njoo."

Mtoto alishuka kitandani. Mwanawetu alimshika kiuno, akaburutwa. Yeye, mwanamke anayebeba madebe mawili ya maji, akaburutwa na mtoto wa miaka sita aliyekonda. Kinu kikaanguka. Komeo likafunguka, na hakuna mkono wa mtu ulioligusa.

Nje hapakuwa na mtu. Sabaha alikwenda moja kwa moja kwenye pembe ya nyumba, akaingia ndani ya shimo, akaketi. Udongo ukaanza kumporomokea miguuni wenyewe, polepole, kama unga unaochekechwa.

Mwanawetu aliufukua kwa kucha. Ukarudi. Akafukua. Ukarudi. Alimwita Mungu, akamwita Mwamina, akamwita mama yake aliyekufa. Udongo ulifika mapajani mwa mtoto.

Kisha kitu cheupe kikapita kwapani mwake.

Meneja alikuwa na kipande cha kamba shingoni, kimetafunwa, na damu mdomoni. Aliruka shimoni pembeni mwa mtoto, akachimba. Hakuchimba kwa mchezo. Alichimba huku analia, kucha zikitoka, mpaka meno yake yakashika kitu, akavuta, akavuta tena, akarudi kinyumenyume nacho mpaka uwanjani.

Udongo ukasimama.

Sabaha akapiga kelele kama mtoto yeyote aliyeamshwa vibaya. Mwanawetu alimnyanyua, na mtoto alikuwa mzito, wa moto, anamlilia mama yake.

Kitu alichotoa mbwa kilikuwa kitambaa kilichofungwa. Buluu, kimelowa grisi. Mwanawetu alikijua. Alikishona mwenyewe kwenye ovaroli ya kwanza ya Saadi, ule mwaka alioajiriwa kambini. Ndani mlikuwa na vifundo vitatu vidogo vya nywele laini, kila kimoja na uzi wake. Vyeusi, vya kitoto.

Nywele za arobaini.

Kwa desturi yao mtoto akitimiza siku arobaini hunyolewa, na baba ndiye hupewa zile nywele akazizike mahali safi. Mwanawetu alikuwa amempa Saadi nywele za watoto wote watatu kwa mikono yake, zimefungwa kwa uzi aliousokota yeye. Vifundo viwili vilivunjika vikawa vumbi alipovigusa. Cha tatu kilikuwa kizima. Alikitoa, akakifunga kwenye pindo la kanga, fundo juu ya fundo. Kilichobaki kitambaani ni grisi, na jasho la mumewe.

Alikitupa kitambaa barazani. Akamwingiza mtoto ndani. Akamwingiza na mbwa.

* * *

Kesho yake Sabaha alikula uji mara tatu, akalala na mkono shingoni mwa Meneja. Hakuna aliyemwosha. Mwanawetu hakulima wala hakupika kitu kingine. Alikaa akimtazama anavyopumua.

Magharibi ilipoingia, mbwa aliinua kichwa.

Harufu... grisi.

Kitu kililia nje, chuma kwa chuma, kikaegemezwa ukutani. Buti zikapanda baraza. Meneja akasimama kitandani, manyoya juu, akanguruma vile vile kama siku zote.

"Mama Mikidadi."

Mwanawetu alishika kifua. Tangu Mikidadi afe watu wote wa Chunyu walikuwa wakimwita Mama Mohamedi, kisha Mama Sabaha, kwa kumhurumia. Aliyebaki na lile jina la kwanza alikuwa mmoja tu.

"Mama Mikidadi, nifungulie. Wamenipunguza. Leo saa sita wameniita ofisini, wamenipa karatasi. Nimekuja na baiskeli bila kupumzika."

Mwanawetu alisogelea mlango.

"Nimekiona kitambaa," sauti ilisema, chini zaidi. "Kwa hiyo umeshajua. Nilikuwa naogopa, mke wangu. Watu ishirini wanaondolewa kwa siku moja, watu wenye vyeti, na mimi sijui hata kusoma. Mganga mmoja mzee aliniambia, fukia nywele zao hapa, hutaachishwa kazi kamwe, ila kitachukuliwa kidogo cha nyumbani. Nilidhani kuku."

Mkono wa Mwanawetu ulikuwa umeshafika kwenye komeo.

Nilidhani kuku.

Mkono ukashuka. Hasira ilimpanda kutoka miguuni, hasira ya makaburi mawili.

"Alipokufa wa pili ulidhani nini?" aliuliza.

Nje kukasikika kilio cha mwanamume, kibaya.

"Nifungulie. Mama Mikidadi, kuna mtu nyuma yangu."

Meneja aliacha kunguruma. Akaanza kutetemeka.

"Kuna mtu pale pembeni. Ananiita. Mama Mikidadi, ananiita kwa sauti yangu."

Mwanawetu alimtazama Sabaha. Mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi, amevimba mashavu kwa uji. Pindo la kanga lilikuwa kiganjani mwake, na ndani ya pindo kile kifundo. Huyu aliye nje angeweza kuwa Saadi. Angeweza kuwa yule yule wa kila jioni, aliyejifunza maneno zaidi. Kufungua mlango ni kitu cha kitambo kidogo tu.

Alilala juu ya mwanawe, akaziba masikio.

Alfajiri kwenye baraza kulikuwa na baiskeli ya Saadi, na mfukoni mwa begi lake karatasi ya kambi yenye muhuri wa jana. Kitambaa hakikuwapo. Shimo lilikuwa limefukiwa, limeshindiliwa vizuri, na juu yake umande ulikuwa mwingi kuliko pengine popote. Nyayo za buti zilikwenda mpaka hapo. Mwanawetu alifagia uwanja mapema, kabla Mwamina hajatoka.

Walimtafuta Saadi wiki mbili, porini mpaka karibu na Ruangwa. Wengine walisema simba. Walipomuuliza mkewe alisema alikuwa amelala, hakusikia kitu, na watu wakamwonea huruma, masikini, mwanamke asiye na bahati. Mzee mmoja akataka kumfukuza yule mbwa anayelala kitanda kimoja na mtoto wa Kiislamu. Mwanawetu alimwambia aanze kumfukuza yeye.

Sabaha alinenepa. Magharibi ilikuja na kupita, moshi wa kuni na mbaazi jikoni, mbwa akikimbiza kuku. Harufu ile haikurudi. Na kila jioni Mwanawetu alikaa mlangoni akiingoja, akiiomba, akivuta hewa mpaka kifua kikamuuma. Ingerudi hata siku moja, angejua kwamba aliyelia mlangoni pake usiku ule hakuwa mume wake.